Kwa Nini Albamu Nyingi Nzuri za Jazi Hazichapwi Tena: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara

Sisi ni kikundi kidogo cha watu wa Moshi tunaokutana kusikiliza santuri. Ikishapigwa sahani ya pili au ya tatu maswali huanza, na mengi ni yale yale. Tumeyaandika hapa ili jioni zetu zibaki na nafasi ya muziki. Baadhi yametoka kwa wenzetu wa Arusha, ambao kwa ubishi hawana mfano.

Albamu ikiwa nzuri kiasi hicho, inakuwaje hairudi sokoni?

Uzuri hausaini mkataba. Ili sahani irudi dukani lazima apatikane mwenye haki ya kuruhusu, ipatikane kanda inayofaa kunakiliwa, na wapatikane wanunuzi wa kurudisha gharama. Kimoja kikikosekana, kazi imelala.

Na kuna ambazo hazikutoka hata mara ya kwanza. Mpiga saksafoni Tina Brooks aliirekodia kampuni ya Blue Note vikao vinne akiwa kiongozi, kati ya 1958 na 1961. Kilichotoka akiwa hai ni kimoja tu, True Blue. Kingine, Back to the Tracks, kilishapewa namba ya katalogi na jalada likachorwa, kisha kikawekwa kando. Brooks alifariki 1974. Kampuni ya Mosaic ndiyo iliyokitoa, mwaka 1985. Ukisikiliza leo unajiuliza walikuwa wanasubiri nini. Jibu letu ni kwamba Blue Note ilirekodi kuliko ilivyoweza kuuza, na asiyekuwa na bendi ya kuzunguka nayo mijini ndiye aliyeachwa nyuma.

Nani hasa mwenye albamu? Si aliyeipiga?

Mara nyingi siye. Miaka ya 1950 na 1960 mwanamuziki wa jazi Marekani aliingia studio, akalipwa ujira wa kikao, akaenda zake. Kanda ilibaki kwa kampuni. Kampuni nazo zikauzwa, zikauzwa tena.

Chukua Riverside, iliyoanzishwa 1953 na Bill Grauer na Orrin Keepnews. Hapo ndipo Thelonious Monk na Bill Evans walipotoa baadhi ya kazi zao bora. Grauer alifariki ghafla mwishoni mwa 1963, na mwaka uliofuata kampuni ikafilisika. Mali yake ikapitia ABC, mwaka 1972 ikaenda Fantasy, na sasa iko Concord. Blue Note yenyewe, ambayo Alfred Lion aliianzisha 1939, iliuzwa kwa Liberty katikati ya miaka ya 1960, baadaye ikawa ya EMI, leo ni ya Universal. Impulse! ilizaliwa ndani ya ABC, ikapitia MCA, nayo ikaishia Universal.

Kila kampuni inapouzwa masanduku yanabebwa na makaratasi yanabaki njiani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka arobaini baadaye mtu anataka kuichapa albamu fulani, lakini mwanasheria wa kampuni kubwa haoni mkataba wenye jina la mpiga besi, wala hajui kama mtayarishaji aliuza haki zote au nusu. Kwake ni rahisi kusema hapana kuliko kufungua kesi kwa ajili ya nakala elfu moja. Sisi watu wa Kilimanjaro jambo hili hatuhitaji kuelezwa sana. Ni kama kihamba cha babu kisicho na hati: kila mjukuu anasema ni chake, hakuna anayeweza kukiuza, na migomba inazeeka.

Wasanii wakimiliki wenyewe, tatizo si linaisha?

Linabadilika sura. Mwaka 1971 Charles Tolliver na Stanley Cowell walianzisha Strata-East kule New York. Msanii alileta kanda yake ikiwa imekamilika, umiliki ukabaki kwake, na kampuni ikashughulikia kuchapa na kusambaza. Kwa haki hakuna utaratibu tunaoupenda kuliko huo. Glass Bead Games ya Clifford Jordan imetoka kwenye nyumba hiyo, na Winter in America ya Gil Scott-Heron na Brian Jackson pia.

Lakini hakuna ofisi moja ya kuuliza. Anayetaka kuzichapa upya lazima azungumze na msanii mmoja mmoja, na kama amefariki, na warithi wake, ambao wengine hawasalimiani. Ndiyo maana kwa miongo mingi albamu nyingi za lebo hiyo zilipatikana kwa bei ya kukodi nyumba ya miezi kadhaa mjini kwetu.

India Navigation nayo ilikuwa lebo ndogo. Albamu ya Pharoah Sanders iitwayo Pharoah ilitoka huko 1977, ikaadimika, wezi wa muziki wakachapa nakala za magendo. Toleo rasmi la Luaka Bop lilikuja 2023, Sanders akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla.

Kanda mama ni nini, na inapoteaje?

Ni kanda ya sumaku iliyotoka studio, ile ambayo santuri ya kwanza ilikatwa kutoka kwake. Nakala zote nyingine ni watoto na wajukuu, na kila kizazi kinapoteza kidogo: matoazi yanafifia, pumzi ya mpiga saksafoni haisikiki tena.

Moto umekula nyingi. Februari 1978 ghala la Atlantic liliungua Long Branch, New Jersey, likiwa na maelfu ya kanda, hasa za vikao ambavyo havijatoka. Tarehe 1 Juni 2008 moto ulizuka kwenye eneo la studio za Universal, Hollywood. Habari za siku ile zilihusu zaidi burudani ya King Kong iliyoteketea, jambo ambalo mpaka leo linatukera. Kwamba ndani ya jengo moja kulikuwa na ghala la kanda za muziki, umma uliambiwa kwa undani mwaka 2019, gazeti la New York Times lilipochapisha uchunguzi wake. Kampuni ilibisha ukubwa wa hasara, na mpaka sasa mabishano yapo kuhusu kipi kiliungua na kipi kilikuwa na nakala mahali pengine.

Nyingine hazikuungua, zilioza tu. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilitengenezwa kwa gundi inayovuta unyevu; ukiziweka kwenye mashine zinanata na kupiga kelele, na unga wa sumaku unabaki kwenye kichwa cha mashine. Mafundi huziokoa kwa kuzipasha kwenye joto la nyuzi hamsini na kitu kwa saa kadhaa, kisha wanazinakili upesi kabla hazijarudia hali yake. Kazi hiyo inahitaji fundi, na fundi anahitaji malipo.

Mara chache bahati inatokea. Machi 6, 1963 John Coltrane alirekodi kikao na kundi lake la watu wanne. Kanda ya kampuni ilipotea. Ila Coltrane alikuwa amepewa nakala ya kusikiliza nyumbani, ikabaki kwa familia ya Naima, mke wake wa kwanza, na kutoka hapo ikatoka albamu ya Both Directions at Once, 2018. Miaka hamsini na mitano kazi hiyo iliponea kwenye nyumba ya mtu.

Mbona za 1958 zimejaa kila duka la mtandaoni, na za 1968 hazionekani?

Hapo ni sheria. Ulaya ilikuwa inalinda rekodi kwa miaka 50. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliongeza ulinzi hadi miaka 70, na nchi wanachama zikaanza kuutumia 2013, lakini rekodi ambazo muda wake ulikuwa umeshaisha hazikurudishwa nyuma. Kwa hiyo kilichotoka mpaka mwisho wa 1962 kiko huru kule. Kampuni ndogo za Ulaya zinachapa Kind of Blue ya Miles Davis ya 1959 bila kumwomba mtu ruhusa, na mara nyingi bila kuiona kanda. Wananakili CD, wanabadilisha jalada, wanauza. Ya 1968 hawawezi kuigusa.

Marekani mambo ni makali zaidi. Kwa sheria ya 2018, rekodi zilizotoka kuanzia 1957 hadi Februari 15, 1972 zinalindwa mpaka Februari 15, 2067. Jazi iliyo kati ya miaka hiyo, ambayo kwa maoni yetu ndiyo yenye hazina kubwa isiyojulikana, imefungiwa pande zote mbili: mwenyewe hachapi, na mwingine haruhusiwi.

Kweli kuna albamu ya jazi yenye Kiswahili ndani?

Hili swali tunalipenda kuliko yote. Ipo, na ni ya kwanza tunayompigia mgeni.

Novemba 1960, New York, mpiga piano Randy Weston aliingiza studio kundi kubwa la wanamuziki kurekodi Uhuru Afrika. Maneno aliyaandika mshairi Langston Hughes. Mipangilio ya ala ilifanywa na Melba Liston, mpiga tromboni. Ndani wamo Freddie Hubbard, Clark Terry, Yusef Lateef, Max Roach na Mnijeria Babatunde Olatunji. Na katika sehemu ya kwanza, Uhuru Kwanza, sauti inayosikika ikighani kwa Kiswahili ni ya Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, yule yule ambaye wengi wanamkumbuka kwa siasa za Makete. Sehemu ya mwisho inaitwa Kucheza Blues. Hiyo ni mwaka mzima kabla Luteni Alexander Nyirenda hajaupandisha Mwenge wa Uhuru Kibo, kilele cha Kilimanjaro tunachokiona hapa mjini mawingu yakipenda.

Basi ungedhani ingekuwa kila nyumba. Ilitoka Roulette, kampuni ya Morris Levy, mfanyabiashara aliyesifika kwa kutolipa wasanii na ambaye mwisho alitiwa hatiani kwa kosa la kutisha watu ili wampe mali. Afrika Kusini ya makaburu iliipiga marufuku 1964. Katalogi ya Roulette ikapita mikono mingine, EMI ikiwemo. Uhuru Afrika imekuwa ikiingia na kutoka sokoni: toleo hapa, seti ya Mosaic ya 2003 ya idadi maalumu pale, kisha kimya. Hapa nyumbani hatujawahi kuisikia redioni, labda ilipigwa tukiwa tumelala.

Ukiisikiliza, subiri African Lady. Martha Flowers anaimba juu, Brock Peters anajibu chini, na vyombo vya Liston vinapita katikati yao bila kumgusa yeyote. Huyu mama alipanga muziki wa wengi, lakini katika miaka hiyo alipata albamu moja tu yenye jina lake mbele. Wapangaji huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada, na herufi ndogo ndizo za kwanza kuachwa toleo jipya likichapwa kwa haraka.

Kusahaulika na kutochapwa ni jambo lile lile?

Hapana. Nyingine zipo madukani na hakuna anayezitazama kwa sababu ndugu yake amefanikiwa mno. Herbie Hancock mwaka 1971 alitoa albamu iitwayo Mwandishi, jina la Kiswahili alilokuwa akilitumia mwenyewe. Wenzake nao walichukua majina ya Kiswahili: Eddie Henderson akawa Mganga, Billy Hart akawa Jabali, Buster Williams akawa Mchezaji. Muziki mpana, wa polepole, wenye vyombo vya umeme. Bendi ile haikuingiza fedha, ikavunjika 1973. Mwaka huo huo Hancock akatoa Head Hunters, ikauzwa vibaya sana, kwa maana nzuri. Tangu hapo kila anayetaja Hancock wa miaka ya 1970 anaanzia hapo. Sisi tunapenda zote mbili, lakini usiku wa manane ni Mwandishi.

Si ajabu nyingine zimesahaulika kwa haki?

Nyingi tu! Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ziliwasukuma wapiga jazi wazuri kurekodi nyimbo za pop za redioni zikiwa na vinanda vya nyuzi nyuma yake. Wengine walipiga kama mtu anayesubiri saa ya kutoka kazini. Uadimu haubadilishi hilo, na bei kubwa ya mtandaoni haimaanishi chochote zaidi ya watu wawili kuitaka sahani moja.

Sasa hivi si wanachapa kila kitu? Naona matoleo mapya ya bei mbaya.

Wanachapa vizuri, lakini vichache na mara kwa mara vile vile. Blue Note wana mfululizo wa Tone Poet tangu 2019, unaosimamiwa na Joe Harley, unaokatwa kutoka kanda mama, na wametoa hata vitu ambavyo wapenzi walikuwa wamekata tamaa navyo. Kampuni ya Craft, iliyo chini ya Concord, ilifufua mfululizo wa Original Jazz Classics 2023. Shida ni nafasi kiwandani. Sahani ya jazi inapanga foleni na waimbaji wa pop wanaoagiza malaki ya nakala. Halafu Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters cha California kiliungua, na dunia ikabaki na mtengenezaji mmoja wa zile sahani laini za kukatia sauti, aliyeko Japani. Katika hali hiyo meneja atachagua Coltrane kabla ya mtu usiyemjua. Ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo.

Ipo YouTube. Kuna haja gani ya kuchapwa?

Tunaisikiliza huko pia, hatujifanyi. Lakini aliyeiweka kaipakia kutoka sahani iliyokwaruzika, jina la mpiga ngoma halipo, na kesho akaunti ikifutwa imekwenda. Wala familia ya msanii haipati hata thumni.

Na bendi zetu? Morogoro Jazz, Dar es Salaam Jazz, Atomic, Tabora Jazz?

Muziki wao ni dansi, na mtu akitarajia saksafoni ya Coltrane atashangaa, ila ugonjwa wa kupotea ni ule ule. Nyimbo nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki mali ya redio. Zilizochapwa santuri zilichapwa Nairobi, kwa kampuni za kule, na nyingi zilitoka kama sahani ndogo za nyimbo mbili. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 baada ya ajali Mombasa, akiwa ameacha nyimbo nyingi sana zilizotawanyika hivyo. Anayetaka kuzikusanya leo lazima ashughulike na redio ya taifa hapa, kampuni iliyorithi ile ya Nairobi, na familia za wanabendi.

Waethiopia wametutangulia. Mfululizo wa Éthiopiques, alioutengeneza Francis Falceto na lebo ya Buda Musique ya Ufaransa kuanzia 1997, ulimrudisha Mulatu Astatke kwa dunia nzima. Afrika Kusini pia: The Jazz Epistles, kundi la Abdullah Ibrahim, Hugh Masekela na Kippie Moeketsi, walitoa albamu moja tu, 1960, nakala mia tano. Mauaji ya Sharpeville yakatokea mwaka huo, wengi wao wakaenda uhamishoni. Leo inapatikana, kwa sababu kuna watu walikaa chini wakatafuta makaratasi.

Hapa Moshi au Arusha nitapata wapi santuri?

Usitarajie duka. Kiboriloni na Memorial kati ya marobota ya mitumba mara moja moja hutokea sanduku. Mafundi redio wa zamani wana vitu chini ya meza, ukienda na salamu kabla ya swali la bei. Nyumba zinazohamwa, hasa za familia zilizokaa mjini tangu enzi za ukoloni, ndizo zenye jazi ya Kimarekani. Sehemu nyingine utakuta dansi, Kikongo na kwaya. Ukiwa na nauli, vuka Namanga uende Kenyatta Market, Nairobi. Kuagiza nje inawezekana, ila ushuru na nauli ya mzigo vinaweza kuizidi sahani yenyewe.

Nitajuaje kama ni toleo la kwanza?

Jalada linadanganya, kwa hiyo itoe sahani. Ishike kingoni, uinamishe chini ya taa mpaka uone ile sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na karatasi ya katikati. Pale pana michoro midogo. Kwa Blue Note ya zamani tafuta herufi RVG, zilizochorwa kwa mkono, au muhuri wa VAN GELDER: ni Rudy Van Gelder, fundi aliyezirekodi New Jersey na kuzikata. Kisha tafuta alama iliyopinda kama sikio la mtoto. Ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite, kilichowachapia mpaka mwaka 1966. Sikio likiwepo, kaa kwanza kabla hujauliza bei, na uso wako usionyeshe kitu.

Nimerithi sanduku la babu. Nizisafishe vipi?

Kwanza zitenganishe. Zile nzito zinazovunjika kama kigae, za mizunguko 78, usiziguse kwa spiriti kamwe. Spiriti inayeyusha kile zilichotengenezwa nacho. Kitambaa laini na maji kidogo kinatosha, bila kulowesha karatasi ya katikati. Zisimamishe wima kama vitabu, mbali na dari la bati, maana joto la Januari hapa linazipinda. Na tafadhali usitupe majalada yaliyochanika wala karatasi zilizomo. Risiti, barua ya kampuni, jina lililoandikwa kwa kalamu: hayo ndiyo anayoyatafuta mtu wa hakimiliki.

Mnaazimisha santuri?

Hapana. Njoo usikilizie hapa hapa, kahawa ipo.